Nanga nne za tezi: mwongozo kamili wa kukaa salama kwa Mungu bahari inapochafuka

Mwaka 2020 niliachishwa kazi kwenye kampuni moja ya mizigo, mke wangu akiwa na mimba ya miezi saba na kodi ya nyumba imebakiza wiki mbili kuisha. Nilikuwa mzee wa kanisa. Nilikuwa nimeshawaambia watu wengi sana "mtumaini Bwana, ndugu yangu", nikawapa mkono na kwenda zangu kunywa chai. Zamu yangu ilipofika niligundua kwamba sijui neno hilo linafanywaje. Unamtumaini kwa kufanya nini, saa tisa ya usiku, macho makavu kama ya samaki?

Mwongozo huu ni jibu nililolipata polepole, nikiongozwa na sura moja ya Biblia ambayo mahubiri huipita mbio: Matendo ya Mitume 27. Ni habari ya Paulo, mfungwa, akipelekwa Roma ndani ya merikebu ya nafaka kutoka Iskanderia, watu 276 melini, wakapigwa na dhoruba siku kumi na nne. Mimi nimekulia Tanga, mjomba wangu alikuwa mtu wa majahazi, na labda ndiyo maana sura hii ilinikamata. Luka aliyeiandika alikuwemo, na ameandika kama mtu aliyeshika kamba: anataja bildi, pima, tezi (nyuma ya chombo), omo (mbele yake), mashua, usukani. Kila walichofanya mle ndani unaweza kukifanya chumbani kwako.

Kabla hujaanza, jua unachokitafuta

Wengi tunapoomba usalama tunaomba merikebu isivunjike. Kazi irudi, kipimo kitoke safi, mume abadilike, kesi ifutwe. Kuomba hayo si kosa, na mimi nimeyaomba. Ila angalia alichoahidiwa Paulo na malaika usiku ule: hakuna hata nafsi moja itakayopotea, "ila merikebu tu". Tangu mwanzo aliambiwa chombo kitakwenda na maji. Na kweli kilikwenda: omo ikakwama mchangani, tezi ikafumuliwa na mawimbi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo waandishi wengi wa mambo haya wanalikwepa. Ahadi ile ilikuwa ya safari ile. Sisi Watanzania tunayo MV Bukoba ya Mei 1996, tunayo Spice Islander ya Septemba 2011, tunayo MV Nyerere ya Septemba 2018, na mle ndani walikuwemo watu wa sala kuliko mimi. Paulo mwenyewe, kwa mapokeo ya kanisa, aliuawa kule kule Roma alikokuwa akipelekwa. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba ukiamini vya kutosha hutazama. Usalama ninaousema ni ule wa Warumi 8, kwamba "wala mauti, wala uzima" havitaweza kututenga na upendo wa Mungu. Unakuhusu ukifika pwani na unakuhusu usipofika. Ukitaka mdogo kuliko huo, utaupata kwa mganga, au kwa nabii wa mtandaoni anayeuza maji ya chupa.

Basi, tuanze kazi. Tafuta daftari, kalamu, na Biblia ya karatasi. Ya kwenye simu ni nzuri, lakini simu hiyo hiyo ndiyo inayokuletea ujumbe wa wadai.

Hatua ya kwanza: tupa bildi

Usiku wa kumi na nne, mabaharia walihisi nchi kavu iko karibu. Wakatupa bildi, ile risasi yenye kamba ya kupimia kina, wakapata pima ishirini. Wakaenda kidogo, wakatupa tena, wakapata kumi na tano. Pima ni urefu wa mikono iliyonyooshwa, takriban mita 1.8, kwa hiyo walitoka kwenye mita kama 36 wakafika 27. Habari mbaya hiyo: miamba inakuja. Lakini kwa kuwa walijua, waliweza kutia nanga.

Hofu isiyopimwa huwa haina chini. Kaa mezani mchana (usifanye hili usiku), chora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika kinachokutisha kwa maneno kamili na kwa tarakimu. Usiandike "maisha magumu". Mimi niliandika: kodi, shilingi 450,000, tarehe 30, mkopo wa kikundi, 1,200,000, marejesho kila Ijumaa, kujifungua, Agosti, baba mkwe anajua au hajui? Upande wa kulia andika kinachojulikana kwa hakika leo. Si unachokisia, kinachojulikana. Utashangaa jinsi upande wa kushoto unavyojaa mambo ambayo bado hayajatokea. Yesu aliposema "yatosha kwa siku maovu yake" hakusema siku haina maovu. Alisema yana kipimo cha siku moja.

Kisha soma orodha hiyo kwa sauti, kama unamsomea mtu. Hiyo tayari ni sala, ingawa haijaanza na "Baba yetu uliye mbinguni" wala haijaisha na amina. Mfalme Hezekia alifanya hivyo hivyo: alipopata barua ya vitisho kutoka kwa Waashuri aliichukua mpaka hekaluni, akaikunjua mbele za Bwana. Barua yenyewe. Kama una hati ya madai, ikunjue.

Rudia kupima kila baada ya siku tatu nne. Kina hubadilika.

Hatua ya pili: lia kwa utaratibu

Makanisani kwetu tunajua kusifu na tunajua kukemea. Kulia mbele za Mungu tumekuachia msiba, na hata msibani anatokea mtu kusema "usilie, yuko mahali pema". Lakini Zaburi ziko 150, na aina iliyo nyingi zaidi humo ni za kulia. Mtu aliyezikusanya hakuona haya.

Chukua Zaburi ya 13. Ina aya sita tu. Aya mbili za mwanzo ni malalamiko matupu: "Hata lini" inarudi mara nne, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Aya ya tatu na ya nne ni ombi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Mbili za mwisho zinageuka: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Hayo ndiyo mapigo matatu. Sasa andika yako.

Malalamiko kwanza, mistari minne au mitano, kila mmoja uanze na "hata lini". Usiyapake sukari. Mungu aliyekubali "Mungu wangu, mbona umeniacha" iandikwe kitabuni mwake na mwanawe aikariri msalabani hatashtushwa na daftari lako. Rafiki yangu mmoja aliandika, "Hata lini nitakuwa namdanganya mwanangu kwamba nimeshiba?" Sijasikia sala ya kanisani iliyonyooka kama hiyo.

Ombi lifuate, na liwe la kitu kimoja unachoweza kukitambua kikija. "Unibariki" ni ombi ambalo hata likijibiwa hutajua. "Nipate mahali pa kulala wiki ijayo" utajua.

Kuhusu pigo la tatu, nina maoni yangu. Wengine hufundisha kwamba lazima umalize kwa sifa. Mimi nasema: ukiweza, maliza hivyo. Usipoweza, acha wazi. Zaburi ya 88 inaanza kwa kulia na inakwisha gizani, neno lake la mwisho kabisa ni hilo, na imo kwenye Biblia. Siku ambayo huna mstari wa tumaini, andika "Bwana" halafu weka nukta. Umeshamwita kwa jina.

Hatua ya tatu: pitisha kamba chini ya merikebu

Dhoruba ilipowakamata, mabaharia walipitisha kamba chini ya chombo na kuikaza ili mbao zisiachane. Walifanya hivyo mapema, wakiwa bado na nguvu. Kamba zako ni nyakati za sala, na sharti zifungwe kwenye vitu ambavyo tayari unavifanya, kwa sababu mtu mwenye dhiki hana uwezo wa kuanzisha ratiba mpya. Hana hata uwezo wa kukumbuka alipoweka ufunguo.

Mimi nilifunga tatu. Asubuhi, kabla ya kushika simu: zaburi moja, kwa sauti, hata kama sielewi. Mchana, nikinawa mikono ya kula: Sala ya Bwana, polepole, nikisimama kidogo kwenye "riziki". Jioni, taa ikizimwa: majina ya watu watatu wenye shida wasio wa nyumba yangu. Hili la mwisho lilinisaidia kuliko yote mawili. Dhiki inamfanya mtu awe mdogo, dunia yote inaingia kwenye kibuyu chake. Ukimtaja mama wa nyumba ya pili ambaye mwanawe yuko mahabusu, mlango unafunguka kidogo na upepo unaingia.

Kila moja haizidi dakika kumi. Ukikosa moja, usilipe deni. Endelea na inayofuata. Kama umezoea kusali kwa vitabu vya sala vya kanisa lako, vitumie, hasa siku ambazo maneno yako mwenyewe yamekauka. Rozari, litania, tenzi za kitabu, vyote ni kamba.

Hatua ya nne: nanga nne za usiku

Hapa ndipo pameupa mwongozo huu jina lake, na hapa nitakaa.

"Wakatupa nanga nne za tezi, wakaomba kuche." Mjomba aliposikia mstari huu ukisomwa aliacha kutafuna. Chombo hutiwa nanga omoni, alisema, mbele, ili kigeuke na kuukabili upepo. Hawa waliitia tezini, nyuma, kwa nini? Kisha akajijibu: kwa sababu upepo ulikuwa ukiwasukuma pwani usiku. Wangetia omoni, chombo kingezunguka na kuonyesha ubavu kwa mawimbi. Kwa kutia tezini walibaki wanaitazama nchi kavu, omo mbele, tayari kwa asubuhi. Wahenga wamesema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini hawa usiku ule walihitaji tezi tu.

Basi usiku una nanga zake. Mchana unaweza kusoma sura nzima, usiku huwezi. Saa nane za usiku akili haisikii hoja, inasikia sentensi. Kwa hiyo chagua nne, fupi, uzijue kwa moyo kabla hujazihitaji. Nitakupa zangu na sababu zake. Zako zinaweza kuwa nyingine.

Ya kwanza ni ya moyo kwenda mbio: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Zaburi 56:3. Ni fupi kiasi cha kuingia ndani ya pumzi moja: vuta pumzi kwa "siku ya hofu yangu", itoe kwa "nitakutumaini Wewe", utoe kwa kuchelewa kuliko ulivyovuta. Fanya mara kumi na mbili, ukihesabu kwa vidole. Angalia pia kwamba mwandishi haoni aibu kukiri kwamba hofu anayo.

Ya pili ni ya habari mbaya, ile simu inayolia saa ambayo simu haipaswi kulia: "Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu, msaada utakaoonekana tele wakati wa mateso." Zaburi 46:1. Neno lenye kazi hapo ni kwetu. Hata ukiisema peke yako, unaisema na watu.

Ya tatu ni ya majuto. Usiku una tabia ya kuleta faili za zamani: ungelisema vile, ungelimpeleka hospitali mapema, usingelikopa. Kwa hiyo: "Rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi." Maombolezo, sura ya 3. Yaliandikwa juu ya mji wa Yerusalemu uliokwisha kuteketezwa, tena kwa makosa yake wenyewe. Aliyeyaandika hakuwa akijifariji kwamba hakukosea.

Ya nne ni ya kifo, changu au cha mtu wangu, nayo ni Warumi 8 niliyoitaja juu: wala mauti, wala uzima, wala yaliyopo, wala yatakayokuwapo. Orodha yake ni ndefu na hiyo ndiyo faida yake. Ukiisema polepole hufiki mwisho kabla usingizi haujakujia.

Namna ya kuzikariri: nanga moja kwa wiki. Iandike kwa mkono kwenye kipande cha karatasi, ukibandike karibu na swichi ya taa. Kila unapozima, isome. Baada ya siku saba karatasi haina kazi tena, unaweka nyingine. Kwa mwezi mmoja unazo nne. Ukiwa tayari uko katikati ya dhoruba, anza na ile ya pumzi, nyingine zitakuja.

Na jambo moja la kuonya. Zaburi ya 91 ni nzuri mno na watu wengi huilalia chini ya mto. Kumbuka tu kwamba Ibilisi alipomjaribu Yesu ajirushe toka kinara cha hekalu, andiko alilolitumia ni hilo hilo la 91: atakuagizia malaika zake. Yesu alikataa kulitumia kama hirizi. Neno la Mungu likigeuzwa kuwa dawa ya kuzuia ajali, siku ajali ikitokea mtu anapoteza vyote viwili.

Usipopata usingizi hata baada ya nanga, usigombane na kitanda. Inuka, kaa kwenye kiti, kunywa maji, omba kuche. Walivyofanya wale ni hivyo tu: waliomba asubuhi ifike. Ni sala halali kabisa.

Hatua ya tano: tupa shehena, ila kwa zamu

Siku ya pili walitupa mizigo. Ya tatu, vyombo vya merikebu. Ngano yenyewe, ambayo ndiyo iliyolipia safari, waliitupa mwisho, baada ya kula. Binadamu ni yule yule. Tunaacha vocha na soda siku ya kwanza, lakini lile lililo zito hasa tunalikumbatia mpaka miamba inaonekana.

Jiulize mbele za Mungu ngano yako ni nini. Kwangu ilikuwa sura: nisionekane nimeshuka. Nililipa kodi ya nyumba ya vyumba vitatu miezi miwili zaidi kwa pesa ya mkopo, ili majirani wasijue. Kama ningehamia vyumba viwili vya uani mwezi wa kwanza, mkopo ule usingekuwepo. Na kwa kuwa tuko hapo: usikope kausha damu, ile mikopo ya riba kali, kulipa kausha damu. Hakuna aya inayobariki hesabu hiyo. Nenda kwa anayekudai, mwambie ukweli wa daftari lako, omba kupangiwa upya. Wengi hukubali kuliko unavyodhani, kwa sababu mdaiwa anayekuja mwenyewe ni mdaiwa adimu.

Jirani yangu mmoja, Mwislamu, alinirudishia hapa neno la Mtume wao: mfunge ngamia wako, kisha mtegemee Mungu. Sikuona cha kubishana naye.

Hatua ya sita: kula

Naam, kula. Siku kumi na nne walikuwa hawajatia kitu kinywani kwa hofu. Paulo hakuanza na mkesha. Alichukua mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akaumega, akaanza kula; nao wakachangamka. Na Elia, alipokimbia nyikani na kuomba afe, malaika alimpa nini? Mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala. Akaamshwa, akala tena. Maswali ya maana yalikuja baadaye kabisa, huko mlimani.

Kwa hiyo usifunge chakula ukiwa umedhoofika kwa hofu. Tayari umeshafunga bila kutangaza. Uji, ndizi, chochote kilichopo, kwa saa yake. Tembea nusu saa juani. Kama una dawa za presha au sukari, zimeze. Kuziacha kwa jina la imani si imani. Na kama unajikuta unatamani kufa, kama Elia, au umeanza kupanga namna, hilo usilibebe peke yako hata usiku mmoja. Mwamshe mtu mliye naye ndani, mwambie kwa maneno hayo hayo, na mwende hospitali. Magonjwa ya roho kuchoka yana wataalamu wake. Mchungaji wako akikukataza kwenda, mwamini malaika wa Elia kuliko yeye.

Hatua ya saba: ikate kamba ya mashua

Mabaharia wengine walishusha mashua wakijidai wanakwenda kutia nanga za omo. Walikuwa wanatoroka. Paulo akamwambia akida: hawa wasipokaa melini, ninyi hamtaokoka. Askari wakazikata kamba, mashua ikaachwa ianguke.

Kila mwenye dhiki ana mashua yake ya siri. Kuhama mji bila kuaga. Pombe. Kubeti. Kuacha kwenda jumuiya kwa kisingizio cha kazi. Mimi niliacha kwenda sala za nyumba kwa nyumba wiki sita, kwa aibu ya kutokuwa na sadaka ya kutoa, na ndizo wiki mbaya kuliko zote.

Namna ya kurudi ni hii. Usitangaze kwa watu wote, chagua wawili. Sifa zao: wanajua kunyamaza, na wamewahi kupita penye shida wenyewe. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hapo ndipo walipokuwa rafiki. Waliharibu walipoanza kufafanua. Mtu anayekwambia kwa haraka dhambi iliyokuletea shida, au anayekutajia kiasi cha sadaka itakayoiondoa, mpe chai, msindikize. Wale wawili waambie vitu viwili tu: hali ilivyo, na unachokihitaji. "Naomba tusali pamoja Jumatano" ni haja. "Naomba uniangalizie watoto Alhamisi niende kliniki" ni haja vilevile. Tunapenda kuomba maombi kwa sababu hayatuaibishi. Omba na unga.

Mama mmoja wa jumuiya yetu, baada ya kusikia, hakusema chochote cha kiroho. Alimtuma kijana wake na mkaa gunia nusu. Nimesikia mahubiri mengi ya Zaburi 46 tangu siku hiyo.

Hatua ya nane: siku ambayo hakuna jua wala nyota

Luka anasema jua wala nyota hazikuonekana siku nyingi, na tumaini lote la kuokoka likaondoka. Anajihesabu na yeye, yumo. Kwa baharia wa zama zile, kutoona nyota maana yake ni kutojua uko wapi. Utafika huko. Utasali na itakuwa kama kuongea na ukuta.

Siku hizo sina ufundi wa kukupa. Fanya kamba zako tatu, soma ulichoandika kwenye hatua ya pili, tupa bildi, kula. Nenda ibadani uketi nyuma. Waache wengine waimbe kwa niaba yako, kama vile kwenye kwaya mtu hupumua wakati wenzake wanaendeleza sauti. Usifanye uamuzi mkubwa wa maisha. Usipime upendo wa Mungu kwa hali ya hewa ya moyo wako wiki hiyo. Mimi nilikaa huko karibu miezi minne, na mtoto alizaliwa humo humo katikati, kilo 3.1, akalia kwa nguvu kuliko baba yake.

Ukifika pwani

Hawakufika kwa chombo. Wenye kujua kuogelea walijitupa majini kwanza, wengine wakaja juu ya mbao na vipande vya merikebu. Ukitoka kwenye dhiki yako utatoka hivyo hivyo, umeshikilia ubao: kibarua badala ya kazi, chumba badala ya nyumba, ndoa yenye kovu. Usiudharau ubao. Uandike kwenye daftari, na tarehe yake, kwenye ukurasa ule ule wa bildi, upande wa kulia.

Kule Melita, kisiwa walichofikia, mvua ilikuwa inanyesha na baridi kali. Wenyeji wakawasha moto wakawapokea wote. Na Paulo, aliyekuwa amelowa, ambaye usiku mzima amekuwa akiwatia watu moyo, tunamkuta anaokota kuni. Nyoka akatoka kwenye mzigo ule ule akamng'ata mkono, kwa hiyo usitegemee kwamba pwani haina nyoka. Akamkung'utia motoni.

Sisi tulihamia vyumba viwili vya uani mwezi wa Oktoba. Jumapili ya kwanza, baada ya ibada, nilikwenda kwa jamaa mmoja aliyekuwa amepunguzwa kazini wiki hiyo hiyo. Nilibeba sukari kilo moja na daftari tupu. Nilikaa, nikanyamaza, akanitengenezea chai.